Mshahara ukiwa mzuri, kura inakwenda wapi?

Juma hili tunaongea habari ya siasa, lakini tunaongea kama tunavyoongea mezani, mahali inapotugusa. Hatuambii mtu achague chama gani. Shirika letu la wamama halina kadi ya chama chochote, na ndani yake tuko watu wa kila upande. Tunachouliza ni kitu kimoja: katika nyumba zinazopata mshahara mzuri kila mwisho wa mwezi, chama kinachaguliwa namna gani, na ni nani anayechagua?

Jumapili tarehe 17 Desemba 2023, siku tatu kabla ya uchaguzi, tulikuwa mezani hapa kwetu Lubumbashi. Mvua ilikuwa inanyesha, bukari ilikuwa bado na moto, sombe iko, samaki iko. Baba wa nyumba alikuwepo. Yeye alikuwa mhasibu katika kampuni moja iliyofanyia kazi wenye migodi. Shemeji yangu anayefanya kazi benki alikuwepo pia. Binti yetu mkubwa, ambaye alikuwa anakwenda kuchagua kwa mara ya kwanza, aliuliza: «Baba, sisi hapa nyumbani tunachagua chama gani, na juu ya nini?»

Baba akacheka kidogo. Akasema mkubwa wake wa kazi yuko kwenye orodha ya wagombea ubunge, basi kuna nini cha kufikiri tena? Shemeji akasema kwa ubunge anatafuta mtoto wa kwao, na kwa urais ataona siku ileile. Mimi nilinyamaza, sababu hesabu yangu ilikuwa kubaki nyumbani. Foleni ni ndefu, mvua ni nyingi, maji yetu yanatoka kwenye kisima chetu cha kuchimba, umeme wetu wa jua uko. Nilijiambia: kura itaniongezea nini?

Binti akatuangalia mmoja mmoja. «Kwa hiyo hakuna hata mmoja wenu anayejua chama chake kinasema kitafanya nini?»

Hakuna aliyejibu. Tulikuwa watu wazima watatu, tumesoma, tuna kazi, na swali la mtoto lilitushinda. Tangu siku ile nimeuliza wamama wengine wa nyumba za mshahara: wa migodi, wa benki, wa mashirika ya misaada, wa forodha. Majibu yao yanafanana sana na yetu.

Kwa wenzetu wa Ulaya

Tuanze mbali kidogo, ili tuone vizuri hapa kwetu. Katika Ufaransa, Uingereza na Marekani, kwa miaka mingi ilikuwa rahisi kukisia kura ya mtu ukijua mshahara wake. Mwenye pesa nyingi alielekea vyama vya kulia, sababu vyama hivyo vilisema vitapunguza kodi. Mfanyakazi wa mshahara mdogo alielekea vyama vya kushoto, sababu vilisema vitatoza matajiri na kujenga hospitali na masomo.

Mchumi Mfaransa Thomas Piketty na wenzake walipitia uchunguzi wa kura tangu mwisho wa miaka ya 1940. Waliona kitu kimebadilika. Zamani, watu waliosoma sana na watu wenye pesa nyingi walikuwa upande mmoja, upande wa kulia. Leo wameachana: wengi wa waliosoma sana wamehamia kushoto, na wengi wa wenye mali wamebaki kulia. Maana yake ni kwamba hata kule mshahara peke yake hauamui. Mwalimu wa chuo kikuu na mfanyabiashara wanaweza kuingiza pesa sawa, na kila mmoja akachagua upande wake.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho wale wawili wanacho na sisi hatuna. Wanajua chama chao kinataka kufanya nini na kodi yao.

Kwetu kodi haitenganishi vyama

Mwenye mshahara wa kampuni hapa kwetu analipa kodi, na si kidogo. Mwaka 2023 kodi ya mshahara, ile IPR, ilikuwa na ngazi nne: asilimia 3 kwa franka 162,000 za kwanza za mwezi, 15 mpaka franka 1,800,000, halafu 30 mpaka 3,600,000, na 40 kwa kinachozidi, lakini jumla isipite asilimia 30. Tuchukue mtu ambaye mshahara wake unaohesabiwa kodi ni franka 1,500,000. Kwenye 162,000 za kwanza anatoa 4,860. Kwenye 1,338,000 zinazobaki anatoa 200,700. Jumla ni franka 205,560 kwa mwezi, kabla ya punguzo dogo la watu anaowalea. Mbele ya hapo alishakatwa asilimia 5 ya CNSS kwa ajili ya pensheni. Na akifika dukani, TVA ya asilimia 16 iko ndani ya bei.

Kwa mwaka, kodi ile ya mshahara peke yake inapita franka milioni 2. Lakini pesa hiyo inakatwa na mwajiri. Haipiti mkononi, haiumi kama pesa ya sokoni. Baba wa nyumba anasoma tu mstari wa mwisho wa karatasi ya mshahara. Na mimi, katika kampeni zote nilizosikia tangu mwaka 2006, sikumbuki mgombea wa ubunge aliyekuja kwenye kartie yetu na kusema: kodi yenu ya mshahara nitaipandisha au nitaishusha, na pesa nitaipeleka mahali fulani.

Kwa hiyo njia ya kwanza ambayo watu wa mshahara wa nchi nyingine wanatumia kutenganisha vyama, kwetu imefungwa. Inabaki kutafuta njia nyingine. Nimeona nne.

Njia nne za kuchagua

Ya kwanza ni kazi. Nani atalinda kazi yangu? Kama mkubwa wa kazi yuko kwenye orodha, au mkubwa wa mkubwa ni mtu wa chama fulani, kura inakwenda kule. Si lazima mtu akulazimishe. Inatosha kuogopa. Kuna mama mmoja wa kwetu ambaye kazini kwake waliombwa kuleta kopi ya kadi ya uchaguzi, bila kuambiwa ni ya nini. Alipeleka. Alinieleza kwamba siku ya kura aliona kama kuna mtu nyuma ya bega lake. Wamama, tukumbushane: kifungu cha 5 cha Katiba yetu kinasema kura ni ya siri. Mkubwa wa kazi hana haki ya kuijua, na wewe huna deni la kumwambia.

Ya pili ni asili. Watu wanasema kuchagua mtoto wa kwetu ni jambo la watu ambao hawakusoma. Si kweli. Waliosoma na wenye mishahara wanafanya hivyo pia, na hapa Katanga kuna sababu ambayo haifai kuchekwa. Tangu miaka ya 1920 Union Minière na reli zilileta wafanyakazi kutoka mbali, wengi kutoka Kasai. Kazi nzuri ikawa kitu ambacho watu wanaulizana kwa jina la kabila. Mwaka 1992 na 1993, wakati wa vurugu za siasa, watu wengi sana wenye asili ya Kasai walifukuzwa, zaidi Likasi na Kolwezi, na ndani yao walikuwepo watu wa mshahara, wenye nyumba na watoto masomoni. Aliyekumbuka hayo hachagui mtu wa kwao kwa upumbavu. Anachagua kama mtu anayelipia ulinzi. Na jirani yake wa kabila lingine anachagua wa kwake kwa hofu ileile. Hivyo wote wawili wanalipia, na hakuna anayelala vizuri.

Ya tatu ni mtu mwenyewe. «Huyu tulisoma naye.» «Huyu alitusaidia kwenye kilio.» Vyama vyetu ni vingi mno: kabla ya uchaguzi wa 2018 vilivyoandikwa vilikuwa vinakaribia 600, na vimeongezeka tena. Nani atasoma maandishi ya vyama vyote hivyo? Na tena watu waliona yaliyotokea Desemba 2020. Umoja wa FCC ulikuwa na wabunge zaidi ya 300 kati ya 500. Umoja wake na watu wa rais ulipovunjika, wengi wa wabunge hao walihamia Union sacrée bila kurudi kuuliza waliowachagua. Mtu wa mshahara aliona hilo, akajiambia: chama ni shati, mtu anabadilisha. Bora nimtazame mwenye shati.

Ya nne ni kubaki nyumbani, kama nilivyotaka kufanya mimi. Na hiyo nayo ni kura.

Ukuta wa mshahara

Mbona mtu anayelipa kodi kiasi kile anaona kura haimhusu? Nimefikiri sana juu ya hilo, na jibu naliona katika uwanja wa nyumba yetu. Maji ya bomba hayafiki vizuri: tulichimba kisima. Umeme unakatika: tuliweka paneli za jua na betri. Masomo ya Leta yamejaa: tulipeleka watoto masomo ya kulipia. Hospitali: kampuni ilikuwa na kliniki yake kwa wafanyakazi na jamaa zao. Usiku: tulilipa mlinzi. Kitu baada ya kitu, tulinunua kile ambacho Leta ingetupa. Mshahara ukawa ukuta, sisi tukakaa ndani yake.

Mtu aliye ndani ya ukuta haulizi chama habari ya maji. Haulizi habari ya walimu. Anauliza jambo moja tu: mshahara wangu utaendelea? Kwa hiyo anamchagua yule anayeweza kulinda mshahara, hata kama hana neno moja juu ya kartie.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mtafiti wa Marekani, Noah Nathan, aliandika kitabu mwaka 2019 juu ya kura katika mji wa Accra, Ghana. Aliona watu wa mishahara mizuri wanataka mambo ya wote, kama barabara, maji na masomo bora, lakini hawaamini kwamba chama chochote kitayafanya. Kwa hiyo wengi wao hawaendi kuchagua. Na vyama, vikiona hawaji, vinaacha kuwasemesha, vinakwenda kwa maskini na zawadi ndogondogo. Hivyo waliosoma wanalalamika kwamba kampeni ni chumvi na vitenge tu, na kwa kubaki kwao nyumbani wanasaidia ibaki chumvi na vitenge.

Niliposikia habari hiyo niliona aibu, sababu nilijiona mimi mwenyewe.

Ukuta unaanguka

Sisi watu wa Katanga tungepaswa kuyajua haya kuliko wengine wote. Wazee wetu waliishi ndani ya ukuta mkubwa kuliko huu wetu. Union Minière, na baada ya mwaka 1967 kampuni ya Leta iliyokuja kuitwa Gécamines, iliwapa wafanyakazi nyumba, posho ya unga, masomo ya watoto, hospitali, hata viwanja vya mpira. Mfanyakazi hakuwa na haja ya kuuliza mji unaendeshwaje, sababu kampuni ilikuwa mji.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mpaka mwaka 2003 shaba yake haikufika hata tani 30,000. Mwaka ule, kwa msaada wa Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitolewa katika mpango ulioitwa «kuondoka kwa hiari». Walipewa pesa mara moja, na ikaisha. Posho iliisha. Kadi ya hospitali iliisha. Ndipo watu wakatazama nje, wakaona hakuna kitu: masomo ya Leta yameanguka, hospitali haina dawa. Nani alilisha nyumba zile? Wamama, na mikate, na mkaa, na mafuta ya kupima kwenye chupa. Wengi wa waliosimamisha likelemba zetu za kwanza walitoka katika nyumba zile.

Na sisi hapa kwetu tulifikiri hayo ni hadithi ya wazee.

Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kupeleka kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, juu ya bei iliyokuwa imeshuka sana. Mwezi wa Juni ikaongeza miezi mitatu. Sisemi uamuzi ulikuwa mbaya. Wako wanaosema ulikuwa wa lazima ili bei ipande. Ninasema tu kwamba uliamuliwa na Leta, ile Leta ambayo mimi nilifikiri haiingii kwetu. Kampuni ya baba ilipoteza kazi zake kwa wenye migodi. Mkataba wake ulipofika mwisho, haukuandikwa tena. Yule mkubwa aliyekuwa kwenye orodha alishahamia mahali pengine.

Miezi mitatu ya kwanza tulikula akiba. Wa nne, mtoto wetu mdogo alihama masomo. Alikwenda ya Leta, karibu na nyumba, ambako tangu Septemba 2019 masomo ya msingi hayalipiwi, kama Katiba inavyosema katika kifungu cha 43. Siku ya kwanza nilimpeleka mwenyewe. Watoto walikaa wanne kwenye dawati, wengine chini. Mwalimu alikuwa mama wa umri wangu, na sauti yake ilikuwa imekwisha. Nilitaka kukasirika. Halafu nikajiuliza: katika kura mbili, tatu zilizopita, ni mara ngapi niliuliza mgombea habari ya masomo haya? Hata mara moja. Yalikuwa ya watoto wa wengine.

Kura inavyohesabiwa

Kuna jambo lingine ambalo wengi wetu hatukulijua, na ni la lazima kulijua mbele ya kuchagua. Kwa ubunge, unabonyeza picha ya mtu, lakini kura yako inahesabiwa kwanza kwa orodha yake, maana yake kwa chama chake au umoja wa vyama. Sheria ya uchaguzi imeweka kizingiti. Kwa wabunge wa taifa, orodha lazima ipate asilimia 1 ya kura za nchi nzima. Kwa wabunge wa jimbo, asilimia 3. Kwa komini, asilimia 10. Orodha isipofika hapo, kwa kawaida haigawiwi kiti, hata kama mtu wako alipendwa sana kwenye mji wake.

Kwa hiyo anayesema «mimi sichagui chama, ninachagua mtu» anachagua chama vilevile, ila bila kukitazama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mkubwa wa kazi wa baba. Alipata kura nzuri hapa mjini, lakini umoja wa vyama vyake haukufika kizingiti. Kura za wafanyakazi wote waliochagua kwa kuogopa au kwa kupenda zilianguka chini pamoja.

Jambo la pili: tarehe 20 Desemba 2023 katika mji kama wetu zilikuwa kura nne siku moja: rais, wabunge wa taifa, wabunge wa jimbo, na washauri wa komini. Nyumbani kwetu tulibishana juu ya ile ya kwanza tu. Lakini pesa inayoweza kugusa kartie yetu inapita zaidi katika zile za mwisho. Kanuni ya Madini ilirekebishwa mwaka 2018. Kampuni inayotoa shaba inalipa asilimia 3.5 ya bei ya shaba yake kama haki ya Leta, na kwa kobalti asilimia 10. Katika pesa hiyo, nusu inakwenda serikali kuu, asilimia 25 inakwenda jimbo, asilimia 15 inakwenda komini, sekta au sheferi ya mahali mgodi ulipo, na asilimia 10 inawekwa kwa vizazi vinavyokuja. Ni wabunge wa jimbo wanaopitisha bajeti ya robo ile. Ni wao wanaochagua gavana na maseneta. Machi 2019, baada ya kura za useneta, malalamiko ya rushwa yalikuwa makubwa hata rais akasimamisha kwa muda maseneta wasiingie kazini. Ukichagua mbunge wa jimbo kwa kubahatisha, umechagua gavana kwa kubahatisha.

Maswali ya kuweka mezani

Katika mkutano wetu wa mwisho tulizungumza haya, na tulikubaliana kila mama arudi nyumbani na maswali machache. Si ya kumfundisha baba wa nyumba chama cha kupenda. Ni ya kuongea pamoja, kila mmoja akiwa na kura yake.

La kwanza: mshahara wetu ukisimama kesho, chama hiki kitakuwa kimetuachia nini? Masomo gani, hospitali gani, maji gani? Mwenye mshahara anachagua pia kwa ajili ya siku ambayo hana mshahara. Siku hiyo ipo; kama si ugonjwa, ni pensheni.

La pili: orodha hii ilifika kizingiti mara iliyopita? Kama ni mpya, imesimama katika majimbo mangapi?

La tatu: mtu huyu alipokuwa bungeni, au katika bunge la jimbo, alifanya nini na pesa ya madini ya jimbo? Kama alihama umoja wake, alirudi kutueleza?

La nne: wamama wako wangapi kwenye orodha, na wako namba ngapi? Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 inasema orodha yenye wanawake nusu au zaidi hailipi amana ya ugombea. Tuangalie vizuri kama wamewekwa ili wafanye kazi, au ili kuokoa pesa ya amana tu.

La tano, na hili ni gumu: ninachagua huyu kwa kumwamini, au kwa kumwogopa mtu? Kama ni woga, tukumbuke kwamba katika chumba cha kura unaingia peke yako.

Wamama wengine waliuliza: sasa mwenye mshahara asifikirie kazi yake? Afikirie, kwa nini asifikirie. Kazi ndiyo inayolipa minervali. Lakini kazi ya mtu mmoja inalindwa vizuri zaidi pale sheria zinapofuatwa na umeme unapowaka kwa wote kuliko pale inapotegemea urafiki na mkubwa mmoja. Mkubwa anahama. Sisi tumeona.

Siku ile ya 20 Desemba nilikwenda kuchagua, sababu binti alinifuata chumbani na mwavuli mkononi. Tulisimama kwenye foleni tangu asubuhi. Mbele yetu alikuwa mama anayeuza mikate kwenye kona yetu, na nyuma yetu mlinzi wa nyumba ya jirani. Tulingoja mashine, tukaongea habari ya mvua na bei ya unga. Nilitambua kwamba katika miaka tisa ya kukaa kwenye kartie ile, ilikuwa mara ya kwanza ninasimama saa nyingi na watu hao, tukingoja kitu kimoja.

Leo mtoto wangu na mtoto wa yule mama wa mikate wanakaa dawati moja. Jumamosi iliyopita wazazi walikutana masomoni juu ya mabati yanayovuja, na baba wa nyumba yetu aliombwa kushika hesabu ya kamati, sababu ni mhasibu. Alikubali. Aliporudi nyumbani alitoa daftari, akaandika mabati, mbao na misumari, halafu akamwita binti yetu. Akamuuliza kama anajua ni nani mbunge wetu wa jimbo, na yuko chama gani.

Binti alimjibu. Alikuwa analijua jina, na chama, na siku mbunge huyo anapopokea watu. Baba aliandika vyote kwenye daftari, chini ya mabati.

Mkutano wetu ujao ni siku yetu ya kawaida, baada ya likelemba. Anayetaka kuleta baba wa nyumba amlete, kiti kitakuwepo.